Foklifti hupunguziwa kodi, mguu wangu haukupunguziwa

Walukuba, Jinja

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Mipango na Maendeleo ya Uchumi,
Kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA),
Kwa Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Fedha ya Bunge,

KUH: GHARAMA ZA UPASUAJI NA MATIBABU KATIKA KODI YA MSHAHARA

Waheshimiwa, salamu nyingi.

Nawaandikia kwa Kiswahili na sioni haja ya kuomba radhi. Hapa Walukuba, kwenye mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, mtoto wa Msoga, wa Mteso, wa Mjaluo na wa Mlugbara hucheza pamoja kwa lugha hii kabla hajajua kabila lake ni lipi. Tena Baraza la Mawaziri lenyewe, Julai 2022, liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi. Kwa hiyo natumaini hapo ofisini yupo wa kuisoma barua hii bila kuagiza mkalimani kutoka Arusha.

Mimi ni mtunza stoo kiwandani. Mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 1,100,000 kwa mwezi. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inachukua 232,000, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua 55,000, na kinachofika mkononi ni 813,000. Kwa mwaka mzima kodi hiyo inafika shilingi 2,784,000. Sijawahi kuikwepa hata mwezi mmoja, na nisijisifu kwa hilo, maana mwenye mshahara hana pa kukwepea. Pesa hukatwa hata hujaiona rangi yake.

Jumapili moja nilikuwa naenda mazishini Bugembe, nimepanda boda boda. Pikapu ikaingia barabarani ghafla. Dereva wa boda alichubuka viwiko, mimi nikavunjika paja la kushoto. Hospitali sitaitaja kwa sababu sina ugomvi nayo: walionipokea walifanya walichoweza. Daktari alikuwepo, chumba cha upasuaji kilikuwepo. Kilichokosekana ni ule msumari mrefu wa chuma unaopitishwa ndani ya mfupa ili uushike mpaka uunge. Nikaambiwa ndugu zangu wakautafute.

Ukatafutwa. Msumari na skurubu zake, 2,600,000. Upasuaji na nusukaputi, 2,100,000. Kitanda na dawa, 980,000. Eksirei na vipimo, 310,000. Magongo, 60,000. Mazoezi ya viungo baada ya kutoka, 450,000. Jumla 6,500,000, na risiti zote ninazo, kwa sababu mtunza stoo asiyetunza karatasi atafukuzwa kazi. Mgonjwa haulizwi uji, lakini anaulizwa pesa, na tena kabla ya kuingizwa ndani. Nusu nilikopa SACCO, chama chetu cha akiba na mikopo. Nusu nyingine nilitumiwa kidogo kidogo na jamaa kwa pesa za simu, na kila tulipotoa, serikali nayo ikachukua asilimia 0.5 yake. Kwenye mchango wa kununua msumari wa mfupa! Lakini hilo niliache, si ndilo lililonifanya niandike.

Kilichonifanya niandike ni kitanda cha pembeni.

Pale alilala kijana mmoja anayefanya kazi kwenye shirika, naye amevunjika paja, ila lake ni la kulia. Daktari wetu alikuwa mmoja, misumari yetu ya aina moja, na tulikuwa tukitaniana kwamba tukikatwa na kuunganishwa tutapata mtu mmoja mzima. Siku ya kuruhusiwa, yeye aliweka saini kwenye fomu akaondoka. Mwajiri wake amelipa kila kitu. Mimi nilibaki siku mbili zaidi nikisubiri shemeji alete salio la mwisho.

Sina kijicho naye, Mungu amzidishie. Nilirudi nyumbani, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya zaidi ya kunyoosha mguu juu ya kiti, nikaanza kuisoma Sheria ya Kodi ya Mapato. Mtoto wangu wa kidato cha tano alinisaidia kwenye Kiingereza chake kigumu. Tulichokikuta ni hiki: mwajiri akimlipia mfanyakazi matibabu, au akimrudishia pesa alizotumia kujitibu, pesa hiyo haihesabiwi kuwa mapato ya ajira. Haitozwi hata senti. Yaani yule kijana, mbali na kulipiwa, hakutozwa kodi kwa kulipiwa. Na mimi niliyejilipia? Hiyo sheria inasema matumizi ya nyumbani au ya binafsi hayapunguzwi kwenye mapato. Msumari wangu ukawekwa kapu moja na soda, zulia na karamu ya ubatizo.

Kwa hiyo mapaja mawili yamevunjika mtindo mmoja, yametibiwa chumba kimoja, na sheria moja inaliita la kwanza matibabu na la pili matumizi ya binafsi. Tofauti ni nani aliyetoa pesa. Aliyelipiwa na bosi amesamehewa. Aliyekopa anatozwa kana kwamba hakuugua. Ukipima nani kati yao alihitaji afueni zaidi, utaona sheria imeshika mizani kichwa chini.

Sasa nije kwenye foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo. Stoo yetu inayo moja, ya zamani, ya rangi ya njano iliyofifia. Mwezi ule ule niliovunjika, nayo ilivunjika: bomba la mafuta ya kuinulia mzigo lilipasuka. Kiwanda kikaita fundi, kikanunua vipuri, kikalipa. Gharama ile kiwanda kitaiondoa kwenye mapato yake kabla ya kukokotoa kodi, na ni haki yake, kwa sababu sheria inaruhusu kupunguza gharama za matengenezo ya mali inayotumika kuzalisha mapato. Waheshimiwa, mimi na foklifti tunafanya kazi moja. Yeye anainua, mimi naelekeza, nahesabu, na pale asipofika kwa sababu njia ni nyembamba, mimi ndiye ninayebeba. Mguu wangu ukipona ninarudi kazini, na nikirudi kazini nyinyi mnapata 232,000 kila mwezi. Kama kuna chombo cha kuzalisha mapato ya serikali katika stoo ile, ni paja hili lenye chuma ndani.

Mhasibu wetu nilipomweleza alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Mzee, foklifti haina shangazi." Alimaanisha kwamba tukifungua mlango huu, kila mtu ataleta risiti za ukoo mzima. Nitafika hapo.

Kabla ya hapo niwakumbushe kwamba huruma kwa mgonjwa si jambo geni katika sheria zenu. Huduma za matibabu hazitozwi VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani. Mwaka 2021 mlipoweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti, mliandika kwamba data ya huduma za matibabu na elimu isiguswe. Hata anayetoa msaada kwa shirika la hisani linalotambuliwa na sheria anaruhusiwa kuupunguza kwenye mapato yake, mradi usizidi asilimia 5. Yaani ningeitoa pesa yangu kwa shirika hilo ili limtibu mtu nisiyemjua, ningepunguziwa kidogo. Kujitibu mwenyewe, hapana. Na kuhusu msamaha wa kodi kwa ujumla, waheshimiwa wabunge hawahitaji kufundishwa na mtunza stoo: mwaka 2016 Bunge lilipitisha marupurupu yao yasitozwe kodi. Ufundi wa kuandika kifungu mnao.

Wenzetu wa nje wamelifikiria hili muda mrefu. Marekani, anayejaza fomu ya kodi kwa kuorodhesha gharama zake anaruhusiwa kupunguza gharama za matibabu zinazozidi asilimia 7.5 ya mapato yake. Upasuaji umo, magongo yamo, miwani imo, hata nauli ya kwenda kutibiwa imo. Kilicholipwa na bima hakihesabiwi. Upasuaji wa urembo, kama kunyoosha pua au kuvuta ngozi ya uso, haukubaliwi, isipokuwa unarekebisha kasoro ya kuzaliwa nayo, jeraha la ajali au ugonjwa ulioharibu umbo. Lakini nisiwapambe kupita kiasi, maana Wamarekani wengi hawanufaiki: huchagua lile punguzo la jumla lisilohitaji risiti, kwa sababu ni kubwa zaidi. Ireland wao hawana hesabu ndefu. Gharama nyingi za matibabu ulizojilipia unarudishiwa asilimia 20 yake kupitia kodi. Afrika Kusini humpunguzia mtu kwa michango yake ya bima ya matibabu, na tena kwa alicholipa mfukoni kikipita kiwango fulani. Na tusiende mbali: Kenya, hapo ng'ambo ya Busia, tangu Desemba 2024 makato ya bima ya afya ya jamii huondolewa kwanza kwenye mshahara kabla ya kodi kupigwa.

Hapa kwetu hata pa kudai hapapo. Mfanyakazi mwenye mwajiri mmoja aliyekwisha kumkata kodi halazimiki kupeleka ritani, ile fomu ya mwaka ya kutaja mapato na kodi, kwa hiyo wengi wetu hatujawahi kuiona. Nilipouliza mahali fulani, kijana wa dirishani alinitazama kama niliyeuliza bei ya tiketi ya kwenda mwezini. Sikumkasirikia. Hakuwa na kifungu cha kunionyesha.

Ninachoomba ni hiki. Katika miswada ya kodi ya mwaka ujao wa fedha, wekeni kifungu kimoja kinachomruhusu mtu binafsi kudai gharama za matibabu alizojilipia mwenyewe, zile zinazozidi mshahara wake wa mwezi mmoja kwa mwaka. Nimechagua mshahara wa mwezi mmoja kwa sababu kila mtu anaujua wake bila kikokotoo, na kwa sababu Panadol na vipimo vya malaria tutaendelea kuvibeba wenyewe, hatujaja kuwasumbua kwa vitu hivyo. Kwangu ingekuwa 6,500,000 kutoa 1,100,000, yaani 5,400,000. Zikiondolewa kwenye mapato yangu ya mwaka, kodi ingeshuka kutoka 2,784,000 hadi 1,164,000. Tofauti ni 1,620,000. Hiyo ingefuta zaidi ya nusu ya msumari.

Hata hivyo nimeona kasoro kwenye ombi langu mwenyewe, na afadhali niiseme mimi. Ukipunguza kwenye mapato, mkubwa anafaidi kuliko mdogo. Anayepata zaidi ya milioni 10 kwa mwezi anakatwa asilimia 40 kwenye sehemu ya juu ya mshahara wake, kwa hiyo atarudishiwa 40 katika kila 100 aliyotumia. Mfagiaji wa kiwanda anayepata 400,000 anakatwa 20 kwenye sehemu yake ya juu, basi atarudishiwa 20 au pungufu, na mguu ni ule ule. Kwa hiyo fuateni njia ya Ireland: wote wapate asilimia moja, tuseme 20, itolewe kwenye kodi yenyewe. Mimi ningepata 1,080,000 badala ya 1,620,000. Nakubali.

Pesa yenyewe msinipe taslimu. Kusubiri kurudishiwa ni ugonjwa mwingine. Nikishajaza ritani ya mwaka unaoishia Juni 30, iwe kabla ya Desemba 31 kama ilivyo kwa walipakodi wengine, URA imwandikie mwajiri wangu asinikate PAYE mpaka kiasi hicho kiishe. Kwa 1,080,000 ni zaidi kidogo ya miezi minne na nusu bila makato. SACCO wangemaliziwa mkopo wao na mimi ningelala usingizi.

Najua mtauliza kuhusu wizi. Mtu yeyote aliyewahi kupita Barabara ya Nasser pale Kampala anajua kwamba risiti ya hospitali, cheti cha ndoa na shahada ya udaktari vinaweza kutoka kwenye mashine moja kabla chai haijapoa. Lakini tayari mmewafundisha wafanyabiashara kutoa risiti za kielektroniki za EFRIS, ambazo zinasomeka kwenye mitambo yenu papo hapo. Semeni tu kwamba gharama ya matibabu itakubaliwa ikiwa risiti imetoka kwenye kituo chenye leseni na namba ya mlipakodi, na imepita kwenye mfumo. Hapo mtapata faida msiyoitarajia: wagonjwa wenyewe watazidai risiti, na kliniki zinazopokea pesa kwa daftari la shule zitalazimika kujionyesha. Mnatafuta walipakodi wapya kila mwaka. Sisi tutawaletea kwa machela.

Sasa shangazi wa mhasibu. Hapa ndipo ninapopingana na Marekani, wanakohesabu mlipakodi, mwenzi wake na wategemezi wanaokubalika kisheria. Kwetu mwenye mshahara ndiye bima ya ukoo. Mama yangu yuko Kamuli, macho yake yaliingia mtoto wa jicho miaka mitatu iliyopita, nani alilipa? Si yeye, ana mihogo na kuku sita. Siku akiumwa mtu kule, simu huanza kulia huku, na ukiona jina la mjomba saa kumi na moja alfajiri, mkono unatetemeka kabla ya kupokea. Kwa hiyo kifungu kiwataje wazazi pamoja na mume, mke na watoto. Shangazi na mabinamu nitawaacha, ili mhasibu wetu apate amani. Kiwekeni na kikomo kwa mwaka, kiasi mtakachoona hazina inaweza kubeba.

Jambo hilo la wazazi linajibu pia swali zito kuliko yote, ambalo jirani yangu muuza samaki aliniuliza na nikakosa la kusema kwa dakika nzima: "Na sisi tusio na PAYE?" Ni kweli, Waganda wengi hawamo kwenye orodha yoyote ya mishahara, na punguzo la kodi halimfikii asiyekatwa kodi. Sitadanganya kwamba ombi langu linamtibu yeye. Linamfikia kwa mzunguko, pale mwanawe aliyeajiriwa anapomlipia. Dawa yake kamili ni nyingine, nanyi mnaijua. Mwaka 2001 serikali ilifuta malipo ya wagonjwa kwenye vituo vyake, na mwaka huo huo pale Abuja viongozi wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Machi 2021 Bunge lilipitisha Muswada wa Bima ya Afya ya Taifa, haukutiwa saini. Kama ungekuwa sheria inayofanya kazi, na msumari ungekuwa kwenye kabati la hospitali, barua hii isingekuwepo. Leteni bima hiyo na nitaufuta mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mpaka ije, msitutoze kodi juu ya pesa ambayo hatukuila wala kuivaa.

Na mkiwa hapo hapo kwenye meza ya kurekebisha, tupieni jicho kiwango cha 235,000 ambacho chini yake mtu halipi PAYE. Kimekaa hapo tangu 2012. Mwaka ule nilikuwa nanunua sukari kwa bei ambayo nikiitaja leo dukani wataniuliza kama niliumia na kichwa.

Sheria inataka bajeti ifike Bungeni isizidi Aprili mosi, na miswada ya kodi huja nayo, kwa hiyo sijaandika nikiwa nimechelewa. Bahasha yenye risiti iko juu ya kabati, nimeiandika kwa wino mwekundu. Kamati ikihitaji mfano halisi wa kupigia hesabu, nitaileta mwenyewe Kampala, natembea bila magongo sasa ingawa ngazi bado zinanisumbua. Daktari amesema msumari utatolewa mwakani, kwa upasuaji mwingine. Ameniandikia na makadirio.

Wenu mtiifu,

Mtunza stoo,
Walukuba, Jinja